Baba Amesema "Umeruka"

Mwenzangu, nivumilie. BABA AMESEMA!

Unajua tangu apatwe na kiharusi hajatoa neno, na daktari alituambia huenda haelewi chochote. Leo Kaka alikuwa anamsomea lile buku nene la katuni za mashujaa wa angani, lenye hadithi zote pamoja, ambalo Baba analipenda tangu ujana wake.

Kaka akachoka, akafunua kurasa mbili kwa mpigo. Mara sauti kutoka kitandani: "Umeruka."

Umeruka! Kaka akaganda. "Baba?"

"Umeruka. Nyota... bado haijalipuka."

Mimi machozi ya furaha. Lakini Kaka uso ulimsawijika. Akaninong'oneza, "Kwa hiyo jana alitusikia."

Jana tulibishana palepale kitandani kwake, nani akae naye. Kaka akasema, "Mzigo huu utanimaliza." Mzigo, mwenzangu! Baba mzazi!

Basi akapiga magoti. "Baba, yale ya jana..."

Baba akamtazama weee. Kisha akagusa ukurasa kwa kidole. "Soma."

Anasoma sasa hivi. Sauti inamkatika kila mstari, na Baba kamshika mkono, hamwachii.