Kioo Cheusi cha Mashine ya Presha

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, nikitumaini kile kikohozi kimekuachia. Huku tunasukuma siku. Goti langu tu ndilo linalolalamika kuliko mama mkwe.

Tangu uondoke baada ya kumzika mama yako sijakuandikia. Si uvivu. Wanijua, barua ya kurasa kumi naimaliza kabla chai haijapoa.

Unakumbuka zahanati ilipotafuta watu wa kujitolea, maana muuguzi ni mmoja na wagonjwa kama siafu? Nani aliitwa wa kwanza? Mjomba wako, wa darasa la tano! Nikapewa mashine ya presha. Nilimpima hata fundi seremala, mkono kama gogo, mkanda ukalia kuomba msaada. Mtaa mzima ukaniita Dokta. Mama yako alicheka, akauliza ni Dokta gani huyu anayekimbia sindano.

Sasa keti, mwanangu.

Wiki tatu kabla mama yako hajafariki, betri za mashine zilikufa. Si zile za redio, madukani hazipo. Zahanati wakaniambia nisubiri, hata wao hawana. Lakini foleni ilifika barabarani, na wote wananiita Dokta. Niliona haya kuwarudisha. Basi nikawa nafunga mkanda, nakunja uso, natazama kioo cheusi, kisha natamka mia na ishirini kwa themanini. Watu wakanishukuru.

Jumatatu ile mama yako alikuja, akasema kichwa kinamgonga na macho yanaona ukungu, akaniuliza kama aende kwa muuguzi. Nilimfunga mkanda. Nikamwambia presha yake ni ya msichana, akapumzike. Akanipiga kofi la bega, akaenda zake akicheka. Alhamisi akaanguka jikoni.

Msibani nilisema ilikuwa ghafla. Nawe ulinishika mikono, ukanishukuru kwa kumwangalia. 

Juzi nilimweleza muuguzi yote. Hakunigombeza. Alifungua daftari, akataka majina ya wote niliowapima wiki zile. Sasa tunapita nyumba kwa nyumba na mashine yake, na kila mlango nasema mwenyewe kwamba niliwadanganya. Seremala tumemkuta presha iko juu sana, ameanza dawa. Mlango wa mama yako tuliupita bila kubisha. Muuguzi alinisubiri mbele mpaka nikaweza kutembea.

Wasalimie wote unaoishi nao. Usiponijibu, sitakulaumu.

Ni mimi mjomba wako,
ambaye hakuwa Dokta.