Rosela Uliyoniambia Nisiweke Sukari

Kabula ng'wanawane, mwanangu,

Nimekukasirikia. Naanza na hilo, maana nikianza na salamu nitalia, na nikilia sitaandika.

Jana nimemaliza kusoma daftari lako la vile vioo vya kutoa umeme wa jua. Unajua mimi nasoma polepole, la saba lenyewe sikufika. Nimeanza tangu arobaini yako. Nikakuta umeandika: "Rosela ya mayu ina sukari. Kioo kinanata, rangi haishiki kwenye unga mweupe niliokipaka. Nimwambie nimeanza kupenda isiyo na sukari."

Kabula! Ile rosela nilikuwa nakuchemshia unywe. Ya damu! Mtoto ana sikoseli, mama yake anaamka alfajiri kuwasha mkaa, yeye analowekea vioo! Na nilivyofurahi uliposema, "Mayu, usiniwekee sukari, nimekua." Nikamsimulia hadi shangazi yako. Mjinga mimi.

Daktari anasema hata ungekunywa pipa zima isingesaidia. Sawa, yeye kasoma. Lakini si ungeniambia? Ningechemsha sufuria mbili, shida iko wapi?

Shangazi yako ananiambia, "Wifi, vitupe hivyo vioo, vitakumaliza." Nikamwambia, kamtupe kwanza mumeo.

Sivitupi, maana ukurasa wa mwisho umeniachia kazi. "Kioo cha tisa kimesogeza mshale wa mita ya umeme, kesho yake kimekufa. Ayodini inavujia pembeni, inakauka. Sijui nizibe na nini." Halafu basi. Kurasa tupu. Unamwachiaje mama yako kitu hivyo?

Nimekiziba. Kwanza kwa mshumaa, jua la saa saba likauyeyusha wote. Nikaweka gundi ya viatu, ayodini ikaila. Nikamwendea fundi wa madirisha ya aluminiamu hapa Somanda, akanikamulia gundi yake kidogo kwenye kifuniko cha soda. Nikaloweka kioo upya kwenye rosela, nikakikausha, nikakilaza juu ya mwenzake uliyempaka masizi, nikadondosha ayodini katikati, nikabana na vibanio vyako, nikazungushia gundi. Mikono inaziba, mdomo unakusema: msichana mwongo, msichana mwongo.

Leo siku ya nne. Mshale wa mita unasogea. Kidogo tu, ila unasogea, na nikifunika kioo kwa kiganja unarudi. Nimefunika na kufunua mpaka jirani akauliza kama ni mzima mimi.

Ulitakiwa uwe hapa uone. Ulitakiwa wewe ndiye ufunike.

Jumatatu nakipeleka kwa mwalimu wako wa fizikia, afundishie. Nitasimama mbele ya wenzako na Kiswahili changu hiki hiki, niwaambie hiki ni cha Kabula. Na ulivyonidanganya nitasema pia, sikufichii.

Hasira nitaiacha, nakuahidi. Siyo mwaka huu.

Lala, mwanangu.

Mayu wako