Mkanda Nilioushona Mwenyewe

Mdogo wangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na shemeji, na kwamba mwanao Kibonge ameacha kukohoa. Mimi sijambo, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba kushona viti vya magari si kazi ya watu wa umri wangu. Wifi yako anakusalimu, na bado anadai picha ya mtoto akiwa amesimama.

Najua umenuna. Wiki iliyopita nilikupigia simu nikakuomba usimpakie Kibonge garini kwenye kiti nilichokupa mpaka upate mzigo wangu, na sababu sikusema. Ukanijibu kwamba hujawahi kuona mtu anatoa zawadi kisha anaizungukia kama paka jikoni. Nilicheka, lakini kwa aibu. Mzigo wenyewe ndio huu uliokuja na barua: kiti cha mtoto, kipya, ndani ya boksi lake.

Mambo yalianzia karakana. Muuguzi wa wodi ya watoto alileta gari nibadilishe vitambaa vya viti. Akiwa anachagua rangi, akaona mezani kiti cha mtoto cha mteja mwingine, mkanda umekatika, nami nimeshatunga uzi kwenye sindano. Akaniuliza nataka kufanya nini. Nikamjibu kwa majivuno kwamba uzi wangu unashika viti vya malori. Hakubishana nami. Alisema kwa upole kwamba mikanda hiyo haiungwi na fundi, na kiti kilichopata ajali hakitumiki tena hata kikionekana kizima, maana plastiki hupasuka mahali jicho lisipofika. Akauliza kama nimewahi kuunga mwingine. Nikasema sijawahi.

Alipoondoka, nikaona lazima nimuumbue. Nikaunga kipande cha mkanda kwa uzi uleule na mishono ileile, nikakifunga kwenye boriti, nikajining'iniza. Kikashika. Halafu nikajaza mchanga kwenye mfuko mpaka ukafika uzito wa Kibonge, nikaufunga kwenye mkanda huo na kuuachia kutoka juu ya ngazi. Mishono yote ikafumuka, mfuko ukapasukia sakafuni. Nilikaa palepale kwenye mchanga.

Kesho yake nilimfuata muuguzi kazini, na ndiye aliyenielekeza kuchagua hiki. Kiti huchaguliwa kwa uzito na urefu wa mtoto, si kwa umri. Kifunge siti ya nyuma, Kibonge atazame nyuma ya gari mpaka atakapozidi kipimo kilichoandikwa ubavuni. Kitikise pale kilipofungwa. Kikicheza, kaza tena. Mvue sweta nene kwanza. Kisha mfunge, ujaribu kuubana mkanda wa begani kwa vidole viwili, na ukipata cha kushika, bado umelegea. Atalia, namjua mpwa wangu. Mwache alie.

Sasa nikwambie kilichonifanya niandike badala ya kuongea. Kile kiti nilichokupa alipozaliwa, kile cha kitambaa cha bluu ambacho ndugu wote walikipitisha mkono kwa mkono wakisifu vidole vyangu, hakikutoka dukani. Nilikitoa kwenye gari lililogongwa, lililoletwa kwangu kung'olewa viti. Mkanda mmoja ulikuwa umechanika, nikauunga. Ubavuni palikuwa na ufa, nikaufunika kwa sponji na kitambaa. Uliponiuliza kama ni kipya, nilisema ndiyo. Nilitaka sifa, mdogo wangu, hakuna kingine. Na kwa miezi tisa umemfunga mwanao kwa ule mkanda ukiniamini.

Nilipomweleza muuguzi, hakunisema. Aliuliza tu mtoto huyo yuko wapi sasa hivi. Simu uliyoikasirikia niliipiga nikiwa nimesimama kwenye korido ya wodi yake, na ulipopokea nikasikia Kibonge akipiga kelele nyuma yako, nilishindwa kueleza. Nisamehe kwa kile kiti, na kwa ule uongo pia.

Kile cha zamani usimpe jirani wala usikiweke stoo. Chukua mkasi ukate mikanda yote, mtu mwingine asije akakiokota. Anza na wa kushoto, ndio niliouunga mimi. Utaujua kwa mishono yake mizuri.

Msalimie shemeji, na barua hii msomee. Mbusu Kibonge kwa niaba yangu, kama bado unaniruhusu.

Ni mimi kaka yako,
Fundi