Ulimi wa nguruwe wetu wa tatu

Ulimi ulikuwa umeshavutwa nje. Mnunuzi ameushika kwa kitambaa usiteleze, goti lake liko shingoni kwa nguruwe, kijiti kimekaa katikati ya meno, na nguruwe anapiga kelele mpaka mbwa wa jirani wamenyamaza. Mimi nimekamata miguu ya nyuma. Mnunuzi akapitisha kidole gumba chini ya ulimi, taratibu, kama mtu anayetafuta mwiba. Akarudia tena. Halafu akaniita.

"Kijana, njoo uguse mwenyewe, mama yako asije akasema namwonea."

Nikagusa. Chini ya ngozi ya ulimi kuna vitu vidogo, vinateleza ukivibonyeza, kama punje za mchele zilizovimba.

Huyo ni nguruwe wetu wa tatu kukataliwa.

Hiyo ilikuwa jana Jumapili, baada ya misa. Leo Jumatatu asubuhi mvua imekatika, ila ukungu umekuja mpaka mlangoni, hata mianzi nyuma ya nyumba siioni. Naandika kwenye simu nikiwa jikoni, karibu na moto. Nina usingizi kidogo. Lakini moyo umetulia, na siyo kawaida yangu.

Mimi siyo mwongeaji. Shule niliishia la tano. Kule Makambako ninakofanya kazi, kwenye banda la kitimoto, nyama ya nguruwe ya kukaanga, wenzangu wananiita Bubu. Naosha nyama, nakata, nakaanga, nakatakata kachumbari. Wateja wanaongea na mimi naangalia. Mtu asiyeongea anapata muda mwingi wa kuangalia.

Na nyumbani nimeangalia sana.

Nguruwe wa kwanza alipokataliwa, mama alisema aliyetuuzia katupa mbegu mbaya. Wa pili, akasema ni pumba za mashine ile ya barabarani. Alipomleta huyu wa tatu akasema sasa basi, ni macho ya watu, kuna mtu hapa kijijini hataki tuinuke. Akamhamishia banda kule ndani kwenye mianzi, mpita njia asimwone.

Sasa mama yangu anauza ulanzi, pombe ya mianzi. Watu wanakaa uani kwetu kuanzia mchana, wanakunywa, na ulanzi unataka kutoka. Choo tunacho, ila kina giza na mlango wake ni gunia. Kila mtu anaona mianzi ni karibu zaidi. Wengine haja ndogo, wengine kubwa. Na nguruwe kamba yake ni ndefu, na nguruwe hachagui.

Mama alimficha nguruwe na macho ya watu akampeleka kwenye choo chao.

Hili sikuligundua kwa akili zangu. Kabla mvua hazijaanza, mimi mwenyewe niliona kitu chooni kule Makambako. Vipande vyeupe, bapa, kama tambi pana iliyokatwa, na kimoja kilikuwa kinajikunja. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nakula vizuri, tumbo haliumi sana, nikasema vitaisha. Havikuisha. Siku niliyokwenda zahanati nilipita pale mlangoni nikaenda mpaka sokoni, nikarudi, nikapita tena. Nesi, mama mmoja mtu mzima, ndiye aliyeniita. "Wewe kijana, unalinda geti letu? Ingia."

Nikaingia nikamwambia nikiwa naangalia sakafu. Hakucheka. Akasema ni tegu, na mimi siyo wa kwanza wala wa mwisho huku kwetu tunakopenda nguruwe. Wakanipima, wakanipa dawa, nikameza mbele yake.

Halafu akanieleza mpaka nikaelewa. Nyama ya nguruwe yenye zile punje, ukiila haijaiva, punje inageuka mnyoo tumboni. Mnyoo unatoa mayai, mayai yanatoka na kinyesi. Nguruwe akila kile kinyesi, punje zinaota kwenye nyama yake. Hapo nilijua ameshamaliza. Kumbe bado. Akasema na mtu akiyala yale mayai, kwa mikono isiyonawa, kwa maji, kwa mboga mbichi, punje zinaota ndani ya mtu. Kwenye misuli. Mpaka kichwani. Na zikikaa kichwani mtu anaweza kuanza kuanguka kifafa.

Niliangalia mikono yangu. Mikono ya kachumbari.

Tangu siku ile nanawa kwa sabuni mpaka bosi anauliza kama nimejiunga na udaktari. Nyama naikaanga mpaka katikati isiwe na wekundu. Wateja wananitukana. "Bubu, tuletee nyama, mkaa tunao nyumbani!" Nageuza nyama.

Lakini kilichonirudisha nyumbani safari hii ni Gode, kaka yangu.

Gode alianza kuanguka msimu uliopita wa viazi. Hakuwahi kuwa na kifafa utotoni. Alianguka shambani, na watu wakamkimbia, wanaogopa lile povu la mdomoni, eti linaambukiza. Ni mimi nilimgeuza ubavu. Tangu hapo mama alimtengea sahani yake na kikombe chake cha bluu, juu ya kabati, peke yake. Gode ndiye alikuwa mtu wa vichekesho kwenye ukoo wetu. Siku hizi anakaa mwisho wa benchi. Pesa ya huyu nguruwe ilikuwa ya kumpeleka Gode kwa mganga mmoja huko mbali, leo hii.

Kwa hiyo jana mnunuzi alipoachia ulimi, mama alikaa chini palepale kwenye matope. Mnunuzi akamwonea huruma. Akasema, "Sikiliza mama, nyama safi sitaweza kumwita. Lakini kuna kilabu kimoja najua, wale wakishalewa hawaangalii ulimi. Nitamchukua kwa bei ya chini, wewe umsaidie mtoto wako."

Mama akasema sawa.

Nikasikia mtu anasema hapana. Alikuwa ni mimi.

Wote wakageuka. Mnunuzi akasema, "Kumbe ana sauti!" Mama akaniuliza, "Festo, umeanza lini kuongea mbele ya wakubwa?"

Maneno yalikuwa yameshapangana, maana nimeyabeba kutoka Makambako. Nikawaeleza. Ulimi, mianzi, choo, mikono. Nikasema hata mimi nimekutwa na mnyoo, nimemeza dawa. Hilo ndilo lilikuwa gumu kulisema, na nilipolisema mengine yakawa mepesi. Nikasema tukiwapa watu wa kilabu nyama hii, watakuja kunywa hapa na kuturudishia mayai kwenye mianzi, na nguruwe wa nne atakuwa hivihivi. Nikasema hakuna mchawi, mama. Na Gode haendi kwa mganga, anaenda hospitali wakamwangalie kichwa.



Gode ndiye aliyejibu, kutoka mwisho wa benchi. "Kwa hiyo unataka kuniambia kichwani mwangu kuna nguruwe?"

"Siyo nguruwe. Punje. Labda."

"Basi nami nipeni bei ya kilabuni."

Mnunuzi akacheka kwanza, halafu mimi, halafu Gode mwenyewe, kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja. Mama hakucheka. Alikuwa analia, ila alishanyanyuka.

Na alivyo mama, alishakuwa njiani kwenda duka la dawa amnunulie Gode vidonge vya minyoo, ameze jioni ileile. Nikamkimbilia nikamshika kanga. Hilo nesi alinikazia mpaka akanishika sikio: mtu anayeanguka asipewe dawa ya minyoo ovyo, maana kama punje ziko kichwani, dawa inaweza kumzidishia. Daktari amwone kwanza, aseme aanze na nini. Mama akasimama. Akaniuliza kama nina hakika.

Nikamwambia ndiyo.

Hapa nisijidanganye. Kwamba kilichomo kichwani mwa Gode ni hicho, sina hakika. Inaweza kuwa kitu kingine, hospitali ndiyo itasema. Mwenye mnyoo hapa nyumbani nani mwingine, sijui, na nesi alisema tusianze kunyoosheana vidole, twende wote tukapimwe. Lakini kwamba hospitali ndiyo mahali pa kuanzia, hilo nina hakika nalo, na sikumbuki ni lini niliwahi kuwa na hakika ya kitu mbele ya mama yangu.

Mnunuzi aliondoka bila nguruwe. Nguruwe amefungwa bandani, kamba fupi, mpaka bwana mifugo aje kusema tumfanye nini. Najua jibu litakuwa la kuchimba shimo tumfukie. Mama pia anajua. Jana jioni nilitoa lile gunia nikapigilia mbao, sasa choo kina mlango wa kweli. Nikaning'iniza kidumu cha maji na kipande cha sabuni kwenye mti. Mteja wa kwanza wa ulanzi alivyoelekea kwenye mianzi, mama alimpigia kelele mpaka akamwaga kikombe chake: "Wewe! Choo kile pale! Na ukitoka unawe, la sivyo huku kwangu hunywi!"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuwaambia wale wateja. Hayakuhitajika.

Asubuhi hii mama alikoroga uji. Nimeona kikombe cha bluu kimekaa kwenye sinia, katikati ya vyetu. Gode akakipita, akachukua changu.

Na mimi nikanywea cha bluu.

Ningeendelea, lakini pikipiki imeshapiga honi huko barabarani, na Gode ameshavaa koti la kanisani, anasema wakimfungua kichwa wamkute mtu wa heshima. Inabidi niondoke sasa. Njia imeloa, mlima ni mkali, na akianguka akiwa juu ya pikipiki hakuna mwingine asiyeogopa kumshika. Mimi ndiye nitakayekaa nyuma yake.