Jina la Selemani Kwenye Orodha ya Kuwashia

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mheshimiwa Diwani, Sheikh wetu, Mzee Mustafa mjomba wa marehemu, mama mzazi, mjane, walimu wenzangu — hapo nimekwama. Hotuba ya arobaini ya Mwalimu Selemani inadai sentensi inayofuata, nami sinayo. Miaka kumi na mmoja ya ukuu wa shule hapa Ziwani, sijawahi kukosa neno mbele ya watu.

Asubuhi nimewasha tena kompyuta mpakato aliyokuwa akiitumia. Skrini nyeusi. Mistari miwili: SELEMANI, jina aliloupa mfumo wake wa kuendeshea mashine; chini yake, mfumo mpya. Mashine ikamtafuta yeye kwanza. Sekunde sita. Haikumpata. Ikaendelea bila yeye.

Ni mimi niliyeamuru ifutwe. Siku ya tatu baada ya maziko. Shule ina mashine hiyo moja, wilaya inasubiri matokeo ya kidato cha pili, na paswedi aliijua yeye peke yake. Ndivyo nilivyodhani. Sikumuuliza mtu.

Jumatano, 7 Mei

Nimeipeleka kwa Dickson, fundi wa Rahaleo, yule yule aliyeifuta. Akacheka. "Madam, hii nayo imo matangani." Kisha akaeleza kwa adabu: alipopiga Windows upya alisafisha diski yote, ila orodha ya majina ya mifumo haikai kwenye diski. Inakaa kwenye kumbukumbu ndogo, ndani ya mashine yenyewe. Nyumba imebomolewa, kibao kimebaki njiani.

"Amri moja tu, jina linaondoka. Niliondoe?"

Nikasema ngoja. Sijui kwa nini. Nikauliza kama kilichokuwamo chaweza kurudi. Alihangaika mchana kutwa. Hakirudi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimekwenda Msimbati, nyumbani kwa marehemu. Mjane, Farida, yumo ndani ya eda, hatoki. Aliagiza nimpelekee mashine aione. Akaiwasha mwenyewe, mtoto akiwa mapajani. Jina likatokea.

"Si huyu hapa?"

Akaniambia paswedi anayo. Mumewe hakumficha. Ni tarehe aliyozaliwa binti yao, Husna. Humo ndani, anasema, kuna hadithi alizojirekodi kwa sauti yake, jioni baada ya vipindi, ili Husna azisikie akikua. Husna ana miezi mitano.

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikasema mashine ina hitilafu kidogo, fundi anaishughulikia. Nilisema kwa ufasaha. Nikapewa chai.

Jumanne, 13 Mei

Mwalimu Rehema, ambaye kwao ni Msimbati, ameleta habari. Ukoo wao humpa mtu jina la marehemu siku ya arobaini, pamoja na nafasi yake: watoto humwita baba, mama mzazi humwita mwanangu. Safari hii ni Shabani, mpwa wa marehemu. Amekwishafika kutoka Newala. Mzee Mustafa, yule mjomba, amegoma. Kasema mtu anayetafutwa na mashine kwa jina kila asubuhi, jina lake hapewi mwingine. Kwanza wasikie sauti yake humo ndani.

Wanangoja, basi. Mama mzazi amefagia chumba cha kusikilizia.

"Kiu yao umeiwasha wewe, Madam," Rehema akanambia, akiendelea kusahihisha madaftari. "Kaizime."

Alhamisi, 15 Mei

Dickson amenielekeza amri kwa simu. Nimeiandika yote, herufi kwa herufi. Kidole juu ya kitufe. Nikifuta leo, kesho nitasema limeondoka lenyewe, na hakuna mtu Msimbati atakayejua.

Nimeifunga bila kubonyeza. Kabla sijaifunga niliiwasha upya, nikangoja zile sekunde sita. Nilijikuta nimetega sikio, kama mwalimu anayeita mahudhurio na kudhani amesikia mtu nyuma ya darasa.

Jumamosi, 17 Mei

Naandika jamvini, upande wa wanawake, wenyewe bado wakishauriana. Nimekwisha kusema.

Nilianza na Mheshimiwa Diwani, nikateremka kama ipasavyo hadi kwa mjane, aliye nyuma ya pazia la chumba chake. Kisha nikaiacha karatasi. Nikawaambia hakuna sauti. Ilikuwapo, nami niliifuta, siku ya tatu, bila kugonga mlango huu kuuliza. Wiki iliyopita nikakaa humu humu, nikanywa chai yenu, nikadanganya.

Hakuna aliyepaza sauti. Heri wangepaza. Mama mzazi alikunja pembe ya kanga, akaikunjua.

Pazia likasema: "Madam. Ikimwita, huwa inamngoja muda gani?"

"Sekunde sita, mwanangu."

"Kila siku?"

"Kila inapowashwa."

Shabani akainamisha kichwa. Mzee Mustafa akanitazama, akasema, "Mwalimu, wewe ndiye msemaji. Malizia."

Nikamaliza hivi: Jina hili silifuti mimi. Nilikwisha kumfuta mara moja pasipo idhini, ya pili siifanyi. Amri nimeiandika kwenye karatasi hii. Kikao hiki kiamue sasa, kabla Shabani hajaketishwa kwenye nafasi yake: nani miongoni mwenu atalifuta, au libaki. Mashine ni hii. Nimekwisha kuiwasha.