Supu ya Shangazi

Mjukuu wangu Atieno,

Jambo hili sijamwambia mtu: hata mimi niliwahi kumkasirikia mzazi mgonjwa. Huku Luanda Kotieno tu wazima, ila babu yako anakohoa na dawa hataki. Unauliza kama ni dhambi kuchoshwa na baba yako unayemuuguza huko hospitalini.

Miaka ya themanini nilimuuguza mama Kisumu, akitibiwa saratani. Nilikuwa msichana wa shule, naona haya hata kumsalimia nesi. Daktari alionya kwamba mama asipokula, matibabu yatasimamishwa. Dawa zilimfanya achukie harufu ya samaki, na kila jioni shangazi alikuja kutoka Ahero na supu ya samaki. Mama aliinywa, akashukuru, na shangazi akishaondoka, akaitapika yote. Shuka nilifua mimi.

“Mama, si umwambie hutaki!”

“Atasema naringa.”

“Basi utakufa na adabu zako!”

Jioni hiyo shangazi alipomimina supu, nilinyakua bakuli nikainywa yote, nikabakisha mifupa.

“Yawa! Kwani mgonjwa hapa ni nani?” shangazi akafoka.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu. Halafu akasema polepole, “Wifi, kesho niletee uji, uwe baridi.” Ukaletwa, ukakaa tumboni.

Kama ni dhambi, sijui. Najua tu kwamba mama hakusema anachotaka mpaka nilipokasirika mbele yake.

Nasikia viatu vya babu yako mlangoni. Acha niifiche karatasi hii kabla hajaongeza mahubiri.

Bibi yako, dani