Ondoa Jiwe

4 Machi

Mwanangu Mkaguzi,

Salamu. Sisi huku wazima, ila mama yako magoti yanamsumbua kama kawaida. Wewe hujambo, sina haja ya kuuliza, maana Jumanne nilikuona kwa macho yangu: umesimama barabarani na kizibao chako kinachong'aa, umelizuia lori la baba yako mzazi.

Nimekasirika, na sifichi. Ukaniingiza uwanjani kituoni kwenu, nikashuka nikaweka jiwe nyuma ya tairi kama siku zote. Jiwe lile lile ulilokuwa ukinikimbilia nalo utotoni kila nikirudi safari, ukipiga kelele, "Baba, nimeshaliweka!" Siku hiyo hata shikamoo hukunipa. Ukasema mbele ya madereva wenzangu, "Dereva, ondoa jiwe." Dereva! Lori likarudi nyuma kidogo, wenzangu wakaangua kicheko, ukang'oa vibao vya namba. Sasa naitwa Mzee Jiwe. Tajiri mwenye lori anasema nimemponza, na kazi sina mpaka lori lake litoke kituoni kwako.

Simu nimezima. Barua hii anakuletea mwenzangu, yule wa lori la saruji.

Baba yako

9 Machi

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mpe mama pole ya magoti. Barua yako nimeisomea stoo, wenzangu wasione ninavyolia.

Nilikuita dereva kwa sababu ningekuita baba ningekosa nguvu ya kung'oa namba. Lakini hasira hata mimi ninazo, baba, tena nyingi. Breki ya mkono haishiki kabisa na mabomba ya upepo yanavuja. Lori lilirudi nyuma pale kwenye uwanja tambarare. Ingekuwa mlimani, na mzigo mgongoni, na gari la abiria nyuma yako? Miaka yote tajiri anakwambia "mwezi ujao", nawe unaitikia "sawa bosi" na jiwe lako chini ya kiti. Nikiwa mtoto niliona ni mchezo wetu sisi wawili. Kumbe breki ya tajiri nilikuwa mimi.

Sitaomba radhi kwa kulizuia. Kwa kutokukusalimu, naomba.

Binti yako

15 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko salama. Hujajibu, na simu yako bado haipatikani.

Leo nimetoka kwenda kula, nikarudi nikakuta lori halipo. Tajiri alimpigia simu mkubwa wangu, na mkubwa akaagiza namba zirudishwe, eti limetengenezwa. Limetengenezwa na nani, wakati lilikuwa limefungwa humu uwanjani na hakuna fundi aliyekanyaga? Nimemuuliza mbele ya watu. Kaniambia niache ujuaji, kazi wanaitaka wengi.

Watakuita ulipande. Nakupigia magoti, baba, usilipande. Washa simu hata kidogo tu.

Binti yako

28 Machi

Mwanangu,

Marahaba, na hizo zote za nyuma marahaba. Mimi mzima, viungo vyote vipo. Nyamaza kulia usome.

Tajiri aliniita. Nikakuta lori limeshapakiwa, kichwa chake kimepakwa rangi mpya kinameremeta, na nyuma ya tairi jiwe langu lile lile. Nikauliza breki. Akasema, "Limepita ukaguzi, mzee. Panda."

Nimemwendeshea huyu mtu tangu nywele zangu nyeusi, na sijawahi kumjibu. Siku hiyo damu ilinichemka. Nilikumbuka mtoto wangu anavyokimbia na jiwe kifuani, nyuma ya tairi linalomzidi kimo, na tajiri amelala kwake. Nikamwambia, "Sawa, bosi. Wewe simama hapa nyuma ya tairi, mimi niondoe jiwe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akalitazama jiwe, akalitazama tela, akasogea pembeni mpaka mgongo ukagusa ukuta. Nikamkabidhi funguo.

Akamwita yule wa saruji, aliyekuwa wa kwanza kunicheka kituoni. Naye akasema, "Simama nyuma ya tairi kwanza, bosi." Akaita mwingine, jibu likawa hilo hilo. Mpaka leo lori limekaa uani kwake na mzigo wake, na jiwe langu nimemwachia. Mwambie na huyo mkubwa wako, aliyelipitisha kwa simu, aje asimame, nafasi ipo.

Kwa hiyo kazi sina, na mama yako ameninunia tangu siku hiyo. Hasira bado ninazo, ila si kwako tena.

Simu nimewasha. Ukipiga, usithubutu kuniita dereva.

Baba yako